Mikungu Mferejini

Jumatatu, 1 Septemba 1969

Asanasio ameniletea daftari kutoka stesheni. Lilikuwa la kuandikia mabehewa, kurasa za nyuma zikabaki nyeupe. Akasema, "Mama Yeseri, yale unayonieleza kitandani andika humu, nami nipate usingizi." Miaka ishirini na sita ya ndoa, na hayo ndiyo maneno yake matamu. Basi naandika, tena kwa Kiswahili, maana nilijifunza lugha hii kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, kule Nakuru na hapa Kasese sipati mtu wa kukizungumza naye nikashiba.

Mvua imeanza leo saa tisa alasiri. Imenyesha kwa adabu.

Jumanne, 2 Septemba

Atakayeliokota daftari hili ajue kwanza habari ya bomba. Hapa Kota Mpya tuna nyumba kumi na tatu, mabati mapya, barabara ya kwenda Muhokya, na bomba moja. Bomba lina kichwa cha shaba kinachochomoka, na kichwa hicho hukaa shingoni mwangu kwa kamba. Nafungua saa moja kamili asubuhi na saa kumi na moja kamili jioni. Anayetaka maji saa moja kasoro dakika tano asubiri. Wanaoniita Petro Mwenye Funguo nawajua kwa majina.

Kabla ya bomba tulichota maji mto Nyamwamba. Mwaka juzi, mvua kama hizi, mto ulichukua debe langu, ukachukua kitambaa changu cha kichwa, na ulikuwa umeshaanza kunichukua mimi mwenyewe nilipodaka matete. Nyonga yangu haijapona mpaka leo. Mtoni sirudi. Nimelisema hilo mbele ya Mungu na mbele ya Asanasio.

Alhamisi, 4 Septemba

Mvua. Nguo hazikauki.

Ijumaa, 5 Septemba

Huyu Martine wa nyumba namba nane ataniua kwa kelele. Ni mjane, Mkongo wa Butembo, ana miaka miwili hapa. Anauza samaki wakavu wa Katunguru, na jioni anapika chakula cha kuuza. Maharagwe yakiiva anapiga rimu ya lori aliyoitundika mlangoni. Gwang! Gwang! Mpaka meno yanauma. Leo nimemwendea.

"Mama Martine, hapa ni kota, si gereji."

"Pardon, Mama Yeseri. Lakini batu bote banasikia. Maharagi ikipoa, nani atakula?"

Nimerudi nyumbani na harufu ya maharagwe yake puani, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Tena anauza pombe ya ndizi, wao wanaiita kasikisi, na kila jioni watu wanacheka barazani kwake. Wanacheka nini kila siku?

Jumatano, 10 Septemba

Barua ya binti yetu Yeseri kutoka Bwera, alikoolewa. Ana mimba! Mtoto atazaliwa mwanzo wa Desemba. Nimecheka peke yangu jikoni kama punguani. Mjukuu wa kwanza. Pombe ya kumkaribisha nitaipika mimi kwa mikono yangu, tonto ya ndizi zilizoiva barabara, Bwera wajue binti yetu ametoka kwa watu.

Jumatatu, 15 Septemba

Bwana Afya amekuja na baiskeli, kofia, na fimbo ya kupimia. Anaitwa Yowasi. Ni kijana mpole sana, anakuomba radhi huku anakuandika kwenye kitabu. Ameliona dimbwi la bombani. Ni kweli, limekuwa kubwa kama chumba, na vyura wamehamia na familia zao.

Ametoa amri mbili. Ya kwanza, mashimo yote ya uani yafukiwe, pamoja na mashimo ya kuivishia ndizi, maana yanazaa mbu. Ya pili, tuchimbe mfereji kutoka bombani mpaka kijitoni, hatua mia mbili na nane.

"Nitarudi tarehe kumi Novemba, saa nne asubuhi," akasema. "Maji yakipita, vizuri. Yasipopita, samahani, bomba nitalifunga, mafundi watalihamishia mtaa mwingine."

"Na sisi tutachota wapi?"

"Si mto upo, mama?"

Hakusema kwa ubaya. Hajui. Lakini nilishika ukuta. Asanasio amenipikia chai mwenyewe na kuweka sukari vijiko vinne.

Jumamosi, 20 Septemba

Bulungi bwansi ya kwanza, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Kila nyumba imetoa mtu na jembe. Kila nyumba hatua kumi na sita. Msimamizi ni Lokwang, askari wetu wa zamu, mzee aliyepigana Burma na ambaye hajaambiwa kwamba vita vimekwisha. Amewapanga watu mstari.

"Jembe juu! Jembe chini! Wewe, Katembo, tumbo ndani! Hapana cheza na kazi ya serikali!"

Katembo wa namba tano alisema tumbo lake haliingii ndani tangu alipooa. Watu walicheka mpaka mstari ukavunjika.

Jumapili, 28 Septemba

Mvua. Misa. Mvua.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nyonga imegoma. Nimechimba hatua mbili nikakaa chini. Asanasio yuko zamu stesheni, anageuza reli. Martine alimaliza hatua zake kumi na sita kabla ya saa sita, akajifunga kitenge upya, akaingia kwenye hatua zangu. Sikumwomba. Nimempelekea chai. Alipoinywa akasema haina sukari. Huyo ndiye Martine.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo tena amenichimbia. Nimeona siwezi kukaa tu namwangalia, nikamuuliza habari ya ile rimu, kwa nini asitumie kengele kama watu.

Akasimamisha jembe. "Ni ya kamyo, lori ya bwana yangu, Philippe. Siku ile ya kukimbia vita, kamyo iliungua yote. Yeye alibaki kule. Mimi nilibeba rimu kwa kichwa mpaka mupakani. Batu banasema, huyu mwanamuke iko na kichwa mubaya, anaacha masufuria anabeba chuma." Akacheka. "Sasa nikipiga, minaona ni kama Philippe anapiga honi, anarudi nyumbani kula."

Nikasema, "Basi piga tu." Kisha nikaona nimelegea mno, nikaongeza, "Lakini si kwa nguvu vile."

Jumamosi, 25 Oktoba

Mfereji umekwisha kuchimbwa! Umenyooka kama reli. Lokwang ameacha ukuta mdogo wa udongo pale juu, karibu na bomba, maji yasituingilie tukisawazisha huku chini. Ukuta utabomolewa Jumamosi tarehe nane, siku mbili kabla ya Bwana Afya. Na mvua nayo imekatika. Jua siku ya sita leo. Mfereji mkavu kabisa, hasa kule chini penye majani marefu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Naandika jambo hili mara moja na sitalirudia.

Ndizi zangu za tonto zimekomaa, mikungu miwili mizuri, na shimo langu la uani limefukiwa kwa amri. Ndizi za pombe haziivi mezani. Zinataka joto la udongo, majani makavu juu na chini, wiki nzima. Mimi nifanye nini? Mjukuu asubiri Bwana Afya abadilishe sheria? Kule chini mferejini kuna shimo zuri limekaa bure. Nilikwenda saa nane mchana watu wote wamelala kwa joto. Nimeifukia vizuri, majani juu. Alhamisi ijayo nitaifukua. Hakuna atakayejua. Mikungu miwili tu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimekutana na mke wa Katembo anatoka upande wa mferejini na jembe. Anasema alikwenda kutafuta mboga. Mboga na jembe!

Jumapili, 2 Novemba

Joto. Kule chini kunanukia ndizi kidogo. Huyo ni Martine na kasikisi yake, hapana mwingine. Wakimbizi hawa unawapa shubiri wanachukua pima. Nimemwambia Asanasio. Akasema, "Nyani haoni kundule." Sijui anajua nini.

Jumatano, 5 Novemba

Mawingu juu ya milima. Kesho nafukua.

Alhamisi, 6 Novemba

Mungu wangu. Mvua ilishuka alfajiri, mvua ya kupiga mabati mpaka huwezi kusikia mawazo yako. Ukuta wa Lokwang umebomoka wenyewe. Maji yote ya bombani na ya paa kumi na tatu yakaingia mferejini, yakateremka vizuri, yakafika kule chini penye majani marefu, yakasimama. Kisha yakaanza kurudi.

Nimekwenda na jembe. Nikamkuta mke wa Katembo anasogea sogea na jembe. Tukasalimiana. Akaniuliza habari za nyonga, nikamuuliza habari za mboga. Akasubiri niondoke, nikasubiri aondoke. Mzee wa namba mbili akatokea, naye na jembe, akasema anatembea tu. Tukasimama watatu kwenye mvua tunaongea habari za hali ya hewa. Nimerudi nyumbani nimelowa na sijafukua kitu.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku ya kusawazisha. Lokwang amepiga filimbi mara tatu. Anasema kuna kitu kimeziba chini, lazima tuchimbe. Ghafla kila mtu anaumwa. Mmoja mgongo, mmoja jino, mmoja amekumbuka msiba Muhokya. Mimi nimesema nyonga, na safari hii haikuwa kweli.

"Hii kota ya wagonjwa!" Lokwang akapiga kelele. "Burma tulichimba na risasi inapita hapa! Na hapa!"

Jumapili, 9 Novemba

Maji yameingia jikoni kwangu. Chura yuko chini ya kabati. Kesho saa nne Bwana Afya anakuja, bomba linafungwa, nami narudi mtoni na nyonga hii. Leo jioni kwenye foleni ya maji hofu ilinizidi, nikasema kwa sauti mbele ya wote:

"Mfereji umezibwa na ndizi za pombe! Na anayeuza pombe hapa tunamjua!"

Watu wote wakamgeukia Martine. Aliweka debe lake chini likiwa tupu, akaingia ndani. Hakuna hata mtu mmoja aliyemtetea, nami mikungu yangu miwili sikuitaja.

Jioni rimu haikulia. Nilidhani nitafurahi.

Jumatatu, 10 Novemba

Leo lazima niandike yote.

Saa kumi na mbili, kumekucha, naweka kuni, nikasikia rimu. Si ile ya maharagwe. Ilikuwa inalia mfululizo bila kupumua. Nikatoka, kila mlango ukafunguka. Martine yuko barazani kwake, nguo ya kulalia, anapiga rimu kwa mchi wa kinu. "Iko kule chini! Kamateni batoto! Musikaribie!"

Tembo. Dume zee lenye pembe moja, limetoka huko mbugani, limesimama katikati ya mfereji wetu kama mwenye nyumba. Harufu ya ndizi ilikuwa imemwita. Alikuwa anapiga udongo kwa mguu, anachomoa mkungu, anautikisa matope, anaweka mdomoni. Polepole. Hakuna haraka hata kidogo.

Lokwang akakimbilia mbele na fimbo yake, akasimama hatua sitini. "Wewe! Simama! Nani nakupa ruhusa? Nyuma geuka!" Tembo akatikisa masikio. Asanasio wangu, ambaye ndiyo kwanza ametoka zamu, akachomoa bendera nyekundu ya reli kwapani na kuipeperusha kwa nguvu zote. Nikamuuliza, "Baba Yeseri, unadhani hilo ni garimoshi?" Akajibu, "Kila kitu kikubwa husimama kwa nyekundu." Naye tembo alikuwa amekwisha simama kwa chakula.

Ndipo nikaanza kuhesabu. Mkungu wangu wa kwanza, ninaujua kwa fundo langu la ukambaa. Wangu wa pili. Kisha mwingine. Kisha mingine mitatu imefungwa pamoja. Tembo anakwenda mbele hatua tano, anafukua tena. Kila mkungu ukitoka, mtu mmoja katika kundi letu anatazama miguu yake. Mke wa Katembo, minne! Mzee wa namba mbili, mitatu. Hata Lokwang aliacha kutoa amri mkungu mmoja mdogo ulipotoka umefungwa kwa mkanda wa jeshi. Mfereji mzima kule chini ulikuwa umejaa ndizi za Kota Mpya, kila mmoja ameficha zake akidhani yuko peke yake.

Alipochomoa wa mwisho, udongo uliolegea ukaporomoka na maji yakapata njia. Yakapita kati ya miguu yake yakiguguma mpaka kijitoni. Yeye akayatazama, akapanda ng'ambo, akaenda zake upande wa Muhokya. Asanasio akatoa bendera ya kijani akampungia.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. Tulicheka mpaka tukakaa chini matopeni.

Kisha tukaona ni saa mbili. Hakuna aliyekumbuka mgongo wala jino. Tumechimba, tumezoa, tumepiga kingo sawa kwa mabapa ya majembe, nami nimechimba na nyonga yangu haikusema neno.

Saa nne Bwana Afya akafika. Maji yanapita. Akapima kwa fimbo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka alipofika chini. Nyayo kubwa kama sinia. Majani ya ndizi kila mahali.

"Nani ameweka ndizi kwenye mfereji wa serikali?" akauliza kwa upole wake, na kufungua kitabu.

Katembo, bila aibu, akasema, "Anayeuza pombe si anajulikana?" Macho yote yakaenda kwa Martine, macho niliyoyaelekeza mimi jana. Bwana Afya akamgeukia. "Mama, jina lako? Una karatasi ya kukaa hapa kota?"

Martine akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa bado ameshika ule mchi. Nilimwona akilini kama alivyokuwa siku ile ya kukimbia, chuma kichwani, hana kingine.

"Ni mimi," nikasema. "Mikungu miwili. Nimeificha mwenyewe tarehe thelathini mwezi uliopita, saa nane mchana. Niandike."

Asanasio akaja akasimama karibu yangu. Mke wa Katembo akamkanyaga mumewe mguu. "Na mimi," akasema. "Minne." Mzee wa namba mbili akasema mitatu. Wakaendelea hivyo, mlango kwa mlango. Lokwang akapiga saluti: "Mmoja, bwana! Mdogo!" Nyumba kumi na mbili. Bwana Afya akaandika, kisha akaacha kuandika, mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Na wewe, mama?" akamuuliza Martine. "Mingapi?"

"Hata moja, bwana. Kasikisi yangu inatokaga Bwera, imeisha kupikwa. Miye niko mugeni. Mugeni anaogopa sheria."

Kumi na mbili tumevunja sheria, na aliyeitii ndiye niliyemtangaza mkosaji bombani. Nilitaka ardhi ipasuke, na ilikuwa laini vya kutosha. Nimemshika mikono yote miwili mbele ya watu nikamwambia nimekosa. Akaweka mchi chini, akasema, "Mama Yeseri, kwanza uje ule. Maharagi ya jana iko tele, hakuna mutu alikula."

Bwana Afya amefunga kitabu. Kazi yake ni maji, akasema, na maji yanapita. Habari ya tembo haimo katika sheria zake. Bomba linabaki. Amekula sahani mbili kwa Martine.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Maji yanapita. Nimesimama kwenye mlango nayatazama tu.

Jumapili, 16 Novemba

Rimu tumeihamishia bombani, kwa ruhusa ya mwenyewe. Ikilia mfululizo, hatari. Ikilia mara tatu, kazi au maji. Ya maharagwe anaipiga vilevile, na watu wanakuja vilevile. Jioni nimekaa barazani kwake. Sasa najua wanacheka nini. Wananicheka mimi! Namna ninavyosema "saa moja kamili." Martine ananiigiza mpaka shingo.

Jumatano, 3 Desemba

Simu ya maandishi imefika stesheni. Yeseri amejifungua salama, mtoto wa kike! Nimekimbia mtaa mzima bila viatu. Tonto sina, aliinywa tembo. Martine amenipa madumu mawili ya kasikisi. Nimemwambia Bwera wataona ni kasikisi ya kwao. Amesema, "Basi batajua ni nzuri."

Jumamosi, 6 Desemba

Naandika ndani ya lori la Bwera, herufi zinaruka. Nitakaa huko wiki mbili. Jana usingizi haukuja kwa ajili ya kichwa cha bomba. Asanasio yuko zamu. Lokwang angewapanga watu mstari mpaka jioni. Alfajiri nikakivua shingoni, nikakipeleka namba nane.

"Saa moja kamili," nikamwambia. "Na saa kumi na moja kamili. Si kabla, si baadaye."

"Ndiyo, Mama Yeseri."

"Ukipoteza, ni mtoni."

"Minajua, Mama." Akakivaa, akakiweka ndani ya nguo, karibu na moyo, kama ninavyofanya mimi. Shingo yangu ilikuwa nyepesi, nikawa naigusa gusa.

Lori lilipochelewa kuwaka pale barabarani, rimu ikalia mara tatu, na mabinti wakakimbia na madebe. Nikamwomba dereva anionyeshe saa yake. Ilikuwa saa moja kasoro dakika ishirini.

Nimeinua mguu kushuka. Kisha nikasikia maji ya kwanza yanaanguka ndani ya debe, na watu wanacheka, na mtu anasema "saa moja kamili" kwa sauti yangu mimi. Nikarudisha mguu ndani, nikamwambia dereva twende, mjukuu ananingoja.